Mlango wa ziwa usifungwe: hoteli ya ziwani na urithi wa kujenga kwetu Bukavu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunaisikia toka utoto na tunaisema bila kuifikiria. Lakini ina sharti ndani yake. Haisemi tu kwamba mgeni apokelewe. Inasema kuja kwake kumfae mwenye nyumba. Katika makala hii tunataka kuifanya kipimo cha jambo moja linalorudi mdomoni mwa watu wa Bukavu kila mara hali inapotulia kidogo: kujenga hoteli kubwa kwenye ukingo wa ziwa Kivu, tena hoteli « ya kiasili », yenye kufuata ujenzi wa wazee.

Msomaji anajua mchoro wa hoteli kama hizo unavyokuwa. Kuna payoti za mviringo zenye paa la majani. Kuna mianzi, kuna vinyago mlangoni. Na mara nyingi kuna vyumba vilivyosimama juu ya nguzo ndani ya maji, vimeunganishwa kwa daraja la mbao, ili mgeni akifungua dirisha aone maji chini yake. Ukiuliza nguzo ni za nini, unajibiwa: « Njo asili yenyewe, ni kama miji ya maji ya zamani. » Siye hatukatai hoteli, wala hatuchekelei mchoro. Tunauliza tu: miji ya maji ya nani? Ilijengwa hivyo juu ya nini? Na wazee wa ziwa hili letu walijenga namna gani?

Miji ya maji iliyokuwepo kweli

Tuanze kwa haki: miji ya maji si ndoto. Ilikuwepo, hata ndani ya Kongo. Mwishoni mwa 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekuwa anakata Afrika toka pwani ya mashariki mpaka bahari ya Atlantiki, alikuwa katika nchi ya Baluba, kule Katanga. Huko alikaa kwa mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Juma Merikani, na toka hapo akaenda kuona ziwa dogo liitwalo Mohrya. Ndani ya maji kulisimama nyumba juu ya miti, na wenyewe waliingia na kutoka kwa mitumbwi. Cameron aliziangalia toka ukingoni na kuzichora, na habari yake ikatoka katika kitabu alichochapisha mwaka 1877. Kwa hiyo anayesema kwamba Mkongomani hakuwahi kukaa juu ya maji, historia inamkanusha.

Mbali zaidi, nchini Benin, mji wa Ganvié umesimama mpaka leo juu ya ziwa Nokoué. Wenyewe wanasimulia kwamba mababu wao, Watofinu, waliingia majini kuwakimbia askari wa ufalme wa Dahomey, waliokuwa wanakamata watu na kuwauza utumwani. Nguzo za Ganvié, mbele ya kuwa uzuri wa kupigwa picha, zilikuwa ukuta. Maji yalikuwa boma. Na kule Mohrya nako, Cameron alipita katika miaka ambayo misafara ya watumwa ilikuwa inapasua nchi nzima.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya ardhi yenyewe. Nokoué ni ziwa la maji mafupi. Nguzo inafika chini upesi, na watu wa pale wanachomeka matawi majini ili samaki wakusanyike na kuzaa ndani yake. Nyumba, mtego na soko vyote viko juu ya maji kwa sababu maisha yote yako juu ya maji. Kivu ni kitu kingine. Liko kwenye kimo cha mita 1460 hivi, katikati ya milima, na mahali penye kina kirefu linazidi mita 470. Pembeni zake nyingi zinateremka ghafula: hatua chache, na mwogeleaji hakuti chini tena.

Basi nguzo za Ganvié zina maana kwa Ganvié. Ukizileta Bukavu bila sababu zake, unaleta umbo tupu, umbo la watu wengine, lililozaliwa na hofu ya watu wengine.

Watu wa mlima wenye ziwa

Bashi wa Kabare na Ngweshe, Bahavu wa Idjwi na Kalehe, hawakujenga mji juu ya maji. Hata kijiji cha nyumba zilizobanana pamoja hakikuwa desturi yao. Kila jamaa ilikaa katika shamba lake la migomba, juu ya mlima au kwenye mteremko, umbali wa kuitana na jirani. Ukitazama toka mbali uliona majani ya migomba tu. Nyumba ulizijua kwa moshi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mviringo. Ilisukwa kuliko kujengwa: fito zilizosimikwa duara na kukunjwa juu, zikafungwa kwa kamba za miti, matete yakapita katikati, kisha majani yakafunika kutoka kileleni mpaka karibu na udongo, kama kikapo kilichopinduliwa. Ndani kulikuwa na moto, mahali pa kulala, na mara nyingi nafasi ya wanyama wadogo. Nje kulikuwa na uwanja uliofagiwa na uzio wa miti hai. Ng'ombe alikuwa heshima ya nyumba. Hata jina la mji wetu, kwa maelezo yanayosikika zaidi, linatokana na neno la mashi lenye maana ya ng'ombe, enkafu: mahali pa ng'ombe. Na samadi ya ng'ombe ilirudi kwenye migomba, migomba ikatoa ndizi na kasiksi, hakuna kitu kilichotupwa.

Na ziwa? Watu walishuka kwake. Walishuka kuchota maji, kuvua, kuvuka kwa mtumbwi wa mti mmoja kwenda Idjwi au ng'ambo, kubadilishana mazao. Kila mlima ulikuwa na kijia chake cha kushuka. Kwao ziwa lilikuwa barabara na soko na kisima kwa wakati mmoja, na hakuna anayejenga nyumba katikati ya barabara.

Hata ardhi haikuwa bidhaa ya kuuza na kununua. Katika Bushi, mtu alipata shamba kwa mwami au kwa mkubwa aliyemwakilisha kwa kutoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, na kalinzi hiyo ilifunga pande mbili: aliyetoa na aliyepokea walikuwa wanadaiana heshima na ulinzi. Hatusemi kwamba ilikuwa haki tupu. Asiye na ng'ombe alibaki chini ya mwenye nao, na alilima kwa bwasa, yaani kwa kukodi msimu. Lakini hata yeye hakuzuiliwa kushuka majini.

Tuongeze jambo moja ili tusidanganyane juu ya neno « asili ». Mgeni akifika Bukavu usiku, kitu kinachomshangaza ni taa za wavuvi wa sambaza: mitumbwi imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zinawaka, sauti za wavuvi zinapita juu ya maji. Kama Kivu lina mji wa maji, ni huo, unaoamka jua likizama na kutawanyika asubuhi. Wengi wanafikiri ni wa tangu mababu. Lakini sambaza hawakuwemo katika ziwa hili. Waliletwa toka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Ni mapokeo yenye umri wa mzee mmoja tu, na sasa hakuna anayeweza kufikiria Kivu bila hayo. Jambo jipya linaweza kuwa la kwetu, ikiwa linalisha watu wa hapa. Njo maana hatuogopi hoteli mpya.

Neno lililotoka pwani

Ukitafuta mji wa maji wa kweli katika lugha yetu ya kiswahili, uende pwani: Lamu, Mombasa, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hii ni miji iliyozaliwa na bahari, na kila kitu ndani yake kinaeleza kazi. Huko Lamu vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko hautoi boriti ndefu kuliko mita tatu hivi. Mti ndio uliopima chumba. Vichochoro ni vyembamba ili kivuli kisipotee. Juu ya kichochoro kunapita wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili za jamaa moja. Mbele ya mlango kuna daka, na ndani ya daka kuna baraza, benchi la mawe ambapo mgeni anakaa, anapewa kahawa, anasikilizwa, mbele ya kuingia au bila kuingia kabisa. UNESCO iliandika Mji Mkongwe wa Zanzibar katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001.

Neno baraza halikubaki pwani. Lilipanda na misafara, likaingia Kongo, na hata wanaosema kifaransa hapa kwetu wanasema « barza » wakitaka kutaja veranda ya nyumba. Muulize mtu wa Ibanda au wa Bagira, atakuonyesha barza yake: pale anapoketi mangaribi, anaposalimia wapita njia, anapopokea wageni wa msiba na wa harusi. Katika Kivu ya Kaskazini neno hilo hilo lilitumiwa kuita mkutano wa makabila uliotafuta kupatanisha watu. Benchi moja la mawe limekuwa veranda, veranda imekuwa baraza la amani. Hicho ni kitu ambacho Bukavu ilipokea toka miji ya maji ya kweli, na tumekishika bila kuiga hata jiwe moja.

Zanzibar inatupatia funzo lingine. Hoteli ya Serena, iliyofunguliwa mwaka 1997 ukingoni mwa bahari pale Shangani, haikuanza kwa kubomoa. Ilichukua nyumba ya zamani ya kampuni ya simu za chini ya bahari na nyumba nyingine jirani, ikazitengeneza, ikaweka wageni ndani. Mtu anayelala pale analala katika historia iliyokuwepo, si katika sanamu ya historia. Tuliweke wazo hili kando, tutalirudia.

Mji wa vidole vitano

Sasa tushuke Bukavu yenyewe. Mzungu wa kwanza kufika ziwa Kivu alikuwa Mjerumani von Götzen, mwaka 1894. Baadaye Wajerumani na Wabeleji waligombania mipaka ya ziwa mpaka walipopatana mwaka 1910, na Idjwi ikabaki upande wa Kongo. Kituo cha Wabeleji mahali hapa kilianza 1901. Mwaka 1927 mji ukapewa jina la Costermansville, kwa ukumbusho wa Paul Costermans, aliyekuwa makamu wa gavana mkuu. Jina la Bukavu lilirudi katika miaka ya 1950.

Kila mtoto wa hapa anajua kwamba mji wetu ni mkono wenye vidole vitano ndani ya maji: rasi tano, na katika hizo kuna La Botte, kuna Muhumba, kuna Nguba. Vidole hivyo ndivyo wakoloni walivyochagua kwa ajili yao. Huko walijenga villa zenye bustani zinazoteremka mpaka majini. Walijenga kwa mtindo uliokuwa unapendwa Ulaya wakati huo, ule wa art déco: pembe zilizokatwa duara, balkoni ndefu, madirisha yaliyopangwa kama ya meli. Mpaka leo ukipita avenyu Lumumba utaona alama zake, na Hôtel Résidence ni jina ambalo kila mwenyeji wa Bukavu anaweza kukuelekeza.

Lakini wafanyakazi waliochanganya simenti hiyo hawakupewa kulala karibu na ziwa. Waafrika waliwekwa Kadutu, juu ya mteremko, na baadaye Bagira, ambako shirika la Leta la nyumba za Waafrika, lile lililoitwa Office des Cités Africaines, lilijenga safu za nyumba katika miaka ya 1950. Ziwa wangeliona toka juu. Kulishukia palikuwa pengine. Huo ndio mkato mkubwa katika historia yetu ya maji, mkubwa kuliko mabadiliko ya matofali na mabati: kijia cha kila mlima kilikatwa, na kwa mara ya kwanza watu wa ziwa wakaomba ruhusa ya kufika ziwani.

Mbele ya uhuru ilikuwa ubaguzi wa rangi. Kisha uhuru ukaja, na rasi zikabadilisha wenyewe, lakini uzio ukabaki. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Leta, watu wanapewa tu haki ya kuitumia. Katika karatasi ni vizuri. Katika maisha, mwenye karatasi na mwenye kujuana na watoa karatasi ndiye aliyefika majini. Leo ukitembea Muhumba au Nguba, mahali pengi unatembea kati ya kuta mbili. Hewa ya ziwa unaisikia, ziwa hulioni. Villa za zamani zinabomolewa, maghorofa yanasimama, na pengine udongo unamwagwa majini ili parsele iongezeke. Siku bomba zinakauka, watoto wa Kadutu wanashuka na bido zao za manjano wakizunguka kutafuta mahali penye nafasi ya kuchota. Muulize mmoja wao juu ya rasi, atakuambia: « Kule ni kwa bakubwa. »

Udongo nao unasema

Kuna shahidi mwingine ambaye hana upande: udongo. Bukavu iko katika bonde la ufa. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la ardhi lenye nguvu ya karibu 6 lilitikisa mji na ng'ambo ya Rwanda. Kuta za matofali zilipasuka, watu walikufa na wengine wakaumia. Nyumba ya fito na matete inacheza na ardhi. Ukuta mzito usiofungwa vizuri unamwangukia mwenyewe. Hatusemi turudi kulala katika majani, juu ya moto na mvua na panya. Tunasema wazee walijua kitu ambacho matofali yamesahau: kwamba katika nchi hii uzito wa juu ni hatari, na kilichofungwa vizuri kinashinda kilicho kinene.

Tena mteremko wetu unatembea. Pale Funu, katika komini ya Kadutu, udongo unashuka polepole miaka na miaka, nyumba zinapasuka na kujengwa tena. Wazee walitawanya nyumba na kuzifunika kwa migomba, maji ya mvua yakaingia ardhini kidogo kidogo. Siye tumefyeka, tumebananisha, tumeweka mabati kila mahali, na maji yote yanashuka kwa mara moja yakibeba udongo na takataka mpaka ziwani. Ziwa linatokea kwenye mto Rusizi, na hapo taka za plastiki zimekuwa zikiziba mitambo ya umeme ya bwawa la Ruzizi I, la tangu miaka ya 1950. Chupa inayotupwa mlimani inazima taa za anayeitupa.

Mchoro tunaouomba

Sasa tuseme kwa uwazi. Kama kesho mtu mwenye parsele pembeni ya ziwa anataka hoteli yenye kutoka katika urithi wetu, tungemwomba mambo matano.

La kwanza ni njia. Mbele ya kuchora chumba, achore kijia cha watu wote kutoka barabarani mpaka majini, chenye upana wa wanawake wawili waliobeba mizigo mgongoni kupishana bila kugusana. Kijia hicho kisifungwe saa kumi na mbili za jioni, wala kisiwe na mlinzi wa kuuliza « unaenda kwa nani? » Hiki ndicho kipande cha kiasili kuliko payoti zote.

La pili ni kutawanya. Badala ya ghorofa moja linalosimama ukingoni kama ukuta, ziwepo nyumba ndogo kwenye mteremko, kila moja katika migomba na miti yake, zikifuata umbo la mlima, na ukingo wenyewe ubaki na majani. Hivyo ndivyo mlima wa Bushi na wa Buhavu ulivyokaliwa. Mgeni ataliona ziwa toka juu, kati ya majani, kama mwenyeji alivyoliona.

La tatu ni kusuka. Mafundi wa vikapo na vitanda vya matete wasiitwe mwishoni kupamba ukuta. Waitwe mwanzoni, wakae na mchoraji wa nyumba na injinia: msingi na mkanda wa zege kwa ajili ya tetemeko, lakini dari, vigawanyo na paa viwe vyepesi na vilivyofungwa kwa ujuzi wao. Hapo tutakuwa tumechukua akili ya nyumba ya zamani, na umbo litajitafutia lenyewe.

La nne ni barza mbili. Moja iangalie ziwa, ya wageni. Nyingine iangalie barabara, pana, yenye kivuli, ambapo mtu wa kartie anaweza kuketi, kuuza, kungoja mvua ipite. Na chini kabisa iwepo gati ndogo ambapo mitumbwi ya sambaza na ya Idjwi inaweza kufunga alfajiri na kuuza jikoni moja kwa moja. Mgeni ale kilichovuliwa usiku na taa alizoziona toka dirishani mwake.

La tano ni uchafu. Chumba cha juu ya maji kina choo juu ya maji. Bomba likipasuka, hakuna wa kuona ila samaki. Wazee walirudisha samadi kwenye migomba. Hoteli nayo isafishe maji yake machafu katika parsele yake na kumwagilia bustani yake, tone lisifike ziwani.

Na mbele ya hayo yote tunarudia wazo la Zanzibar: atazame kwanza kama hakuna villa ya zamani inayoweza kutengenezwa. Mtu atasema, vipi mnatetea nyumba za wakoloni katika kijitabu cha mapokeo? Tunajibu kwamba zilijengwa kwa mikono ya babu zetu, na kwamba kuzifungua kwa wote ni kuzishinda, kuliko kuzibomoa ili kujenga uzio mrefu zaidi.

Pingamizi moja, na mji uliozama

Tunasikia pingamizi: mji uliopita katika vita ya 1996, ya 1998, ya 2004, na ambao Februari 2025 uliingia mikononi mwa M23, unazungumza hoteli ya nini? Watu wanatafuta chakula. Ni kweli. Lakini tukiangalia nyuma tunaona kwamba rasi hazikugawanywa siku za amani na mashauri. Ziligawanywa wakati watu walikuwa wanatazama pengine. Anayengoja amani ili afikirie ukingo wa ziwa atakuta amani imefika na ukingo umekwisha. Kufikiria sasa hakugharimu simenti.

Tumalize na hadithi ambayo inafaa kusimuliwa watoto. Kuna ziwa Dilolo, upande wa Angola karibu na mpaka wa Kongo; jina lake liko pia kwenye teritwari ya Dilolo, katika jimbo la Lualaba. Livingstone alipita huko mwaka 1854, akaandika katika kitabu chake cha 1857 namna wenyeji walivyoeleza asili ya ziwa hilo. Mwanamke mtawala, Moene Monenga, alifika jioni moja akiwa mgeni mwenye njaa. Katika kijiji cha kwanza, mke wa bwana Mosogo alimpatia chakula cha kutosha. Akaendelea mpaka kijiji cha pili, akaomba. Wakamnyima, wakamwambia afanye anachoweza. Akaanza kuimba wimbo wa polepole, akivuta jina lake mwenyewe, na aliponyoosha sauti ya mwisho kijiji kizima, watu, mbwa na kuku, kilizama, na pale pakawa maji. Mkubwa wa kijiji hakuwepo. Aliporudi na kukuta ziwa mahali pa nyumba yake, akajitupa humo.

Huo nao ni mji wa maji wa Afrika, lakini ni mji ulioingia majini kwa sababu ulifunga mlango. Kwa kawaida tunausoma kama onyo kwa mwenyeji anayemfukuza mgeni. Bukavu imeufikia upande mwingine: inaweza kujenga nyumba inayomfungulia mgeni wa mbali na kumfungia jirani anayekuja na bido. Mke wa Mosogo hakuuliza anayeomba ni nani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapoonyeshwa mchoro wa hoteli ya kiasili ya ziwani, usianze kusifu paa. Weka kidole kwenye karatasi, uulize kijia cha kwenda majini kinapita wapi. Na kama kwenu kuna mzee anayejua bado kufunga fito na kusuka nyumba ya mviringo, umfikie mapema pamoja na wanafunzi wa ujenzi wa mji huu, wapime, wachore, waandike majina ya kila kipande katika mashi na kihavu. Hoteli inaweza kungoja. Kazi hiyo haiwezi.